Saa Moja Iliyogeuzwa Mara Mbili

Wewe uliyepewa kiti changu pale gatini Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, sogea unisikilize. Meza umeikuta safi, saa ya ukutani inakwenda vizuri, na pengine umeambiwa kwamba Yakobo alikuwa karani asiyekosea saa. Maneno hayo yalisemwa hata siku ya kuniaga, mbele ya chai na mikate, nami nikatazama viatu vyangu mpaka yakaisha. Ninakuandikia kwa sababu si kweli, na kwa sababu kazi utakayoifanya ni ileile iliyonishinda mimi siku moja.

Nilianza mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, nikiwa mtu mzima tayari. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ng'ambo, upande wa Kongo, ambako tulifundishwa Kiswahili cha vitabuni, kisha nikapanga herufi katika kiwanda kidogo cha kuchapa mpaka kikafungwa. Nilidhani ukarani ni kujua kuandika tu. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Saidi, karani mkuu, mtu wa Ujiji aliyeletwa ziwani na biashara ya baba yake. Alikuwa anachonga penseli kwa wembe. Hakuniuliza jina.

"Sasa hivi saa ngapi?"

Nikaitazama saa ya ukutani. "Saa tisa, Mzee."

"Ya nani?"

Mzee Saidi aliendelea kuchonga, akanieleza bila haraka, kama ninavyojaribu kukueleza wewe. Bwana wa boma akiangalia saa ile anasema ni tisa asubuhi. Mfanyabiashara wa Pweto anayepita na vitenge anasema ni tatu, kwa sababu yeye anahesabu tangu jua lilipochomoza. Na karani mwenzetu wa Kilwa, ile ya Kongo ng'ambo ya ziwa, anafuata desturi ya Wabelgiji: mchana ukipita katikati harudi kwenye moja, anaendelea na kumi na tatu, kumi na nne, mpaka usiku wa manane.

"Wote wanasema kweli," alisema. "Kazi yako ni kuwakutanisha kwenye boti moja."

Siku hizo nilikuwa nahesabu kwa vidole, nikiongeza sita au nikitoa sita, na kila mara nikipotea njiani. Mzee Saidi aliniondolea tabu hiyo kwa kidole kimoja. Aliuonyesha mshale mfupi wa saa ya ukutani. "Huu una kichwa na mkia. Kichwa kinasoma saa ya boma. Fuata mkia mpaka upande wa pili, utasoma saa ya jua." Kichwa kiko tisa, mkia uko tatu. Kichwa kiko saba, mkia uko moja. Jaribu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Ukiweza mara tatu, umejifunza robo ya kazi. Mimi nilifurahi kana kwamba nimepewa ufunguo wa nyumba, na kwa miezi kadhaa niligeuza kila saa niliyoiona, hata ile ya kengele ya kanisa, ambayo haikuniomba.

Robo nyingine ya kazi ni siku. Hapo mwalimu wangu alikuwa Anselme, yule karani wa Kilwa, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na zote zinavuja. Alivuka na boti mara moja kwa mwezi kulinganisha vitabu. Miezi aliiandika kwa herufi za Kirumi, 7-XI, nami nilizizoea upesi kwa sababu kiwandani nilikuwa nimezipanga kwenye kurasa za mwanzo za vitabu. Lililonisumbua ni siku zake nane, ambazo kwake ni juma moja. Aliandika kwamba mashine ya boti itakuwa tayari baada ya siku nane. Nikahesabu nane, nikamtuma nahodha, akakuta fundi alimngoja jana yake, akaondoka.

"Juma lina siku saba, Anselme," nilimwambia alipokuja.

"Kwenu. Sisi tunahesabu na leo."

"Leo imekwisha anza. Unaihesabuje?"

"Leo ilikufanyia nini mubaya, hata unaitupa?" Alimgeukia Mzee Saidi. "Papa Saidi, huyu mutu wako anachukia leo."

Mzee Saidi alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo, nikipata "siku nane" kutoka Kilwa niliandika jina la siku yenyewe, Jumatatu au Jumanne, nikamrudishia Anselme karatasi aikubali. Jina la siku halibishaniwi.

Wanawake wa Kashikishi nao walinifundisha. Waume zao walikuwa migodini, na walikuja dirishani kuuliza kwa nini mtu aliyesema atarudi baada ya miezi sita hajaonekana katika mwezi wa saba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwezi wa mgodi ni tiketi, na tiketi ina siku thelathini za kushuka mgodini. Jumapili haiingii. Siku ya homa haiingii. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza tiketi sita akiwa ametumia miezi saba na zaidi. Niliwachorea visanduku kwenye karatasi, tukatoa Jumapili pamoja. Mmoja wao, mwenye mimba kubwa, alitazama visanduku vyangu akasema, "Basi na huyu wa ndani nimuhesabie tiketi? Jumapili asikomae?" Wenzake walicheka, lakini aliondoka na karatasi ile ameikunja vizuri, na mume wake alirudi katika juma tulilolipigia alama. Hizo ndizo siku nilizoipenda kazi hii. Nazitaja ili usidhani nilikuwa mzembe tangu mwanzo. Nilikosa baada ya kujua.

Sasa nifike kwa Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga.

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona nyavu karibu na gati. Nyavu zilizochanwa na mamba au visiki ziliishia kwenye mapaja yake, na wavuvi walisema fundo lake halifunguki. Macho yake yalianza kuingia ukungu. La kushoto lilikwenda haraka, la kulia likabaki na nguvu kidogo. Habari ikaja kwamba daktari wa macho kutoka Elisabethville atapita Kilwa siku moja tu, Alhamisi, kisha ataendelea na safari yake kaskazini. Anselme alimwombea kitanda. Boti yetu, ambayo Alhamisi ilikuwa ikiondoka saa moja mchana kwa saa ya boma, ingeondoka asubuhi siku hiyo ili mama huyo amuwahi daktari.

Kikaratasi cha Anselme chenye badiliko hilo kilifika Jumanne, nikiwa nimetumwa Kashikishi na sijui lolote. Kiliandikwa kwa wino: 7 h, yaani saa saba ya asubuhi kwa Wabelgiji. Mzee Saidi alikipokea. Kwa desturi yake aligeuza palepale, akaandika kwa penseli kwenye karatasi nyingine: "Bana Mulenga, macho, Alhamisi, saa 1." Aliandika kwa saa ya jua, maana ndiyo angeambiwa mgonjwa. Hakuongeza neno asubuhi. Kwake yeye hakuna mtu mwenye akili anayeanza kuvuka Mweru saa moja usiku. Akazibana karatasi mbili kwa pini, yake juu na ya Anselme chini, akaenda mwenyewe kumwambia nahodha, kisha jioni akachukuliwa na lori kwenda hospitali, kwa sababu ya kifua chake.

Jumatano asubuhi nilizikuta kwenye trei. Niliona "saa 1". Alhamisi, saa moja: ndiyo saa ya boti ya kila juma kwa hesabu ya boma. Sikuona ajabu. Nilitazama saa ya ukutani, kwa mawazo nikaweka kichwa cha mshale kwenye moja, nikafuata mkia, nikapata saba. Sikuinua karatasi ya juu. Ingekuwa kazi ya sekunde moja tu, kuinua karatasi, na ningeiona ile saba ya wino. Na hata bila kuinua, ningejiuliza: kama hii imetoka Kilwa na ni ya mchana, mbona si kumi na tatu? Sikujiuliza. Nilikuwa na ufunguo mkononi na nilitaka kufungua mlango, hata mlango uliokwisha funguliwa na mwingine.

Elewa vizuri kilichotokea, kwa maana kitakutokea nawe. Saa saba ya boma ilikuwa imegeuzwa ikawa saa moja ya jua. Mimi nikaigeuza mara ya pili. Ukifuata mkia mara mbili unarudi kwenye namba uliyoanzia, kwa hiyo saba ikarudi kuwa saba, ikavaa nguo za jua, ikawa mchana. Haikuonekana mgeni. Kosa baya zaidi ni lile linalofanana na jibu.

Niliandika kwenye kitabu cha safari: 1 p.m. Kisha nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika "Bana Mulenga, Alhamisi, saa 7", nikampelekea mwenyewe. Alikuwa anashona.

"Ni saa saba, Bana Mulenga. Ya jua."

"Ya jua ni muzuri, ba Yakobo. Ya bazungu inanichanganya." Alikunja karatasi akaitia kwenye pindo la kitenge. "Nibebe chakula?"

"Boti itafika kabla ya njaa," nilimwambia.

Alhamisi nilifungua ofisi saa mbili ya jua, kama kawaida. Boti haikuwepo gatini. Nilidhani nahodha ameipeleka kutia mafuta. Bana Mulenga alikuja mapema, kabla ya saa tano, amevaa nguo ya kanisani, na binti yake Chola amembebea kifurushi. Nikampa kiti changu akae kivulini mlangoni.

"Nimewahi?"

"Umewahi sana," nilisema. Neno hilo bado linanichoma.

Saa sita ikapita. Saa saba ikafika. Ziwa lilikuwa wazi mpaka macho yanakoma. Nikaingia ndani kutafuta kikaratasi ili nimwandikie nahodha malalamiko. Ndipo nikatoa pini.

Nahodha alikuwa ameondoka saa moja na nusu ya asubuhi, baada ya kumngoja nusu saa mgonjwa asiyekuja. Kwa kasia hakuna mtu anayefika Kilwa kabla ya giza. Daktari alikuwa aondoke alfajiri ya kesho yake. Nilirudi mlangoni, nikasema boti imepata shida, waende nyumbani. Sikusema shida gani. Chola alibeba kifurushi. Mama yake aliniaga kwa upole, akanishukuru kwa kiti.

Kisha nilifunga mlango, nikachukua wembe wa Mzee Saidi.

Nitakwambia ilivyo rahisi, ili siku ukiona mkono wako unafanya hivyo uutambue. Moja na saba ni ndugu. Kistari kidogo juu, moja imekuwa saba. Herufi p ndiyo iliyohitaji wembe: nilikwangua wino polepole, nikalainisha karatasi kwa ukucha, nikaandika a. Kitabu kikasema 7 a.m. Kikakubaliana na Kilwa, kikakubaliana na nahodha. Asiyekubaliana nacho alibaki Bana Mulenga peke yake.

Kilwa walilalamika, maana kitanda kilikaa kitupu. Msimamizi wa boti, Mwingereza, akamwita mama yule ofisini. Mkalimani nilikuwa mimi. Alitazama kitabu, akaona saba asubuhi, akaniuliza kama huenda mwanamke huyu alichanganya saa, kwa kuwa watu wa hapa huzichanganya. Nikasema inawezekana. Kisha nikamgeukia, nikamuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayesaidia:

"Mama, pengine ulichanganya saa?"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Msimamizi aligonga meza kwa kalamu.

"Pengine ninasikia mubaya," alisema. "Miye niko mutu wa zamani. Masaa ya bazungu inanishinda."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kosa hata moja.

Mwaka uliofuata alipita daktari mwingine. Alimwashia taa machoni, akasema jicho la kulia lingeweza kuokolewa zamani kidogo, sasa mwanga umekwisha. Bana Mulenga aliendelea kushona nyavu kwa vidole. Fundo lake lilibaki zuri, ila alihitaji mtu amwelekeze tundu liko wapi.

Mzee Saidi aliporudi kutoka hospitali alipitia kitabu, kama alivyofanya kila mara. Alifika ukurasa ule, akauinua kwenye dirisha. Mahali pa wembe mwanga ulipita.

"Karatasi ni nyembamba hapa," alisema.

Nilimweleza yote. Hakupaza sauti. Alisema kosa la kwanza lina jina lake yeye, kwa sababu aliandika saa bila kuandika ni ya nani, wakati mimi nilikuwa nimemsikia akiliuliza swali hilo siku yangu ya kwanza. "Hilo nalichukua," alisema. "La wembe sina sehemu. Hilo utampelekea mwenyewe yule mama." Alipostaafu mwaka ule kurudi Ujiji aliniachia miwani yake ya akiba na ule wembe. Sikujua kama ni zawadi.

Sikumpelekea. Nilifanya mambo mengine yote badala ya hilo. Nilipanga kazi upya: kikaratasi cha kwanza hakitupwi wala hakifunikwi, kitabu kinashika saa ya boma tu, saa ya jua inaandikwa mara moja, dakika ya mwisho, kwenye karatasi ya msafiri, na kila saa inafuatwa na herufi ya mwenyewe, B kwa boma, J kwa jua, K kwa Kilwa. Herufi hizo umezikuta, na watu wanazisifu. Zilitoka kwenye jicho la mtu. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumsomea na kumwandikia barua za Mulenga, mwanawe aliyekuwa mgodini, na watu wakasema nina moyo. Kila waliposema hivyo nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Sasa macho yangu nayo yameanza kukataa maandishi madogo, ndiyo sababu nimestaafu. Juma lililofuata ile chai na mikate nilikwenda kwake bila karatasi wala kalamu. Alikuwa amekaa mlangoni, wavu mapajani.

"Leo si Jumapili, ba Yakobo."

"Si Jumapili, mukwai," nilijibu kwa neno la heshima la kwao. "Nimekuja na neno la zamani." Nikamwambia. Pini, mkia wa mshale, wembe, na lile swali nililomuuliza mbele ya msimamizi. Nilizungumza nikitazama vidole vyake. Havikusimama mpaka nilipofika kwenye wembe.

Alimwita Chola. "Leta kale kakaratasi."

Chola aliingia ndani, akarudi na kipande cha karatasi kilichokunjwa mpaka kikawa laini kama kitambaa. Alikiweka mkononi mwangu bila kunitazama. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Mutoto alinisomea ile juma ile," alisema Bana Mulenga. "Nilijua."

"Na hukusema."

"Niseme kwa nani? Kwa muzungu? Mukalimani ni weye." Alirudia fundo lake, akalikaza. "Mbele nilikasirika sana. Kisha ukaanza kuja na barua. Nikasema, atasema Jumapili hii. Ikapita. Nikasema, ile ingine. Nimehesabu Jumapili mingi, ba Yakobo. Bila tiketi."

Sikuweza kuomba msamaha kwa sentensi iliyokamilika. Yeye hakuningoja nimalize.

"Soma," alisema.

"Mama?"

"Ulinisomea barua zote za Mulenga. Hii haukunisomea. Soma."

Nikavaa miwani ya Mzee Saidi. "Bana Mulenga, Alhamisi, saa saba."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi. Sikusikia mubaya."

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Aliniambia nishike upande wa pili wa wavu, nimtafutie tundu, nikashika mpaka jua likapungua.

Kesho yake nilikuja ofisini, wewe ukiwa umetoka, nikafungua kitabu kwenye ukurasa ule. Pembeni nimeandika kilichotokea na jina langu chini yake. Usishtuke ukiliona, na usilifute. Wembe nimeutoa kwenye droo. Wewe ukikosea saa, na utakosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, andika ya kweli pembeni na herufi ya mwenyewe, tia jina lako, kisha funga mlango uende umwambie msafiri kabla jua halijazama.